Mufasiri na Sehemu ya Pili

Kabla ya kufungua kinywa alivaa koti. Jua liwe kali, mvua inyeshe, ndani ya kile kibanda cha mbao kilichoezekwa kwa turubai la shitingi, ambamo watu walibanana hadi kupumuliana shingoni, Mufasiri alivaa koti lake la kijivu, akafunga vifungo vyote, akashika fimbo ya mwanzi, akasimama upande wa kulia wa televisheni kama shemasi anayejiandaa kusoma Injili. Kisha akakohoa mara moja. Baada ya kikohozi kile hata watoto wachanga walinyamaza. Nimefundisha katekisimu maisha yangu yote ya utu uzima, na sijawahi kupewa kimya cha namna ile. Namshukuru Mungu kwa yote, na hilo pia.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake. Watu watatu walimwuliza mbele yangu, akawapa majibu matatu, yote mazuri. Sisi tuliotoka Muheto, upande wa Masisi, tulimkuta Ntoto tulipofika huko kwa miguu, majembe begani na kuku mikononi, tukikimbia vita. Wenyeji walitupokea vizuri. Wengine walitupa mihogo, wengine walitupa mahali pa kulala kanisani, na wote waliuliza tumeona nini njiani. Yeye peke yake aliuliza swali jingine.

"Karibuni. Kwenu munapendaka filamu ya namna gani?"

Kazi yake ilikuwa hiyo. Filamu zilifika Ntoto ndani ya flash, kutoka Goma au Butembo, zikisema Kiingereza, Kichina, na lugha nyingine ambazo hakuna aliyejua ni za nani. Yeye alizifasiri zote kwa Kiswahili, papo hapo, kwa sauti yake moja: mfalme, mke wa mfalme, mbwa wa mfalme. Alisema Kiingereza alijifunza kwa wazungu wa madini. Nilimwamini mwaka mzima.

Kisha alifika mgeni mmoja kwa pikipiki, akasimama mbele ya nyumba ya chifu, akasema maneno mengi ya Kiingereza. Chifu akaagiza Mufasiri aitwe. Mufasiri alikwenda kwanza nyumbani kuchukua koti. Alimsikiliza mgeni mpaka mwisho, akitikisa kichwa polepole, akamgeukia chifu.

"Anasema muko na kijiji muzuri sana. Lakini choo ya masomo inanuka, na kwao mambo kama ile inaletaka haya."

Chifu aliinamisha uso. Wiki ile ile choo kipya cha shule kilichimbwa. Baadaye mwenye pikipiki alitueleza kwamba mgeni alikuwa akiuliza njia ya kwenda Masisi tu, na kwamba kwa sababu ya heshima nyingi alizopewa, na ya mkono mmoja ulioelekeza njia vibaya, walikuwa wamepotea nusu siku kuelekea Walikale. Nilikwenda kumwuliza Mufasiri kama haoni aibu.

"Katekista, ile choo, haikuwa inanuka?"

"Ilikuwa inanuka."

"Basi nilifasiri kweli."

Hapo ningepaswa kumkemea, lakini sikuwa mtu wa kutupa jiwe. Muheto, kwa miaka mingi, nilimfasiria Padri mmoja aliyehubiri kwa Kifaransa. Padri alihubiri kwa dakika kumi, mimi nilifasiri kwa dakika ishirini. Yeye alisema juu ya neema. Mimi, nikiwaangalia waliokaa mbele yangu, niliongeza kidogo juu ya pombe, na juu ya mbuzi wanaoachwa kuingia mashamba ya watu. Kila Jumapili, neema ikianzia mbinguni, ilifika kwa mbuzi. Padri alishangaa tu kuona Kiswahili kinahitaji maneno mengi namna hiyo. Jambo hili nilimwambia Mufasiri siku moja ya udhaifu, na hakulisahau.

Mara ya kwanza niliingia kibandani kwake ili kumfukuza shetani. Kwaya ilikuwa imeanza kufupisha wimbo wa mwisho wa Misa, na nilijua wanakimbilia wapi. Alinipa benchi la mbele. Filamu ilipofika mahali ambapo mwanamume na mwanamke wanakaribiana nyuso, alivua koti lake, mara ya kwanza kati ya mbili tu nilizomwona akilivua akiwa kazini, akalitundika juu ya televisheni.

"Hapa banapeana amani ya Kristu," akatangaza.

Amani ile ilikuwa ndefu. Watu walingoja kwa adabu. Alichungulia chini ya koti, akalirudisha, akachungulia tena. "Bado banapeana," akasema. Nilitoka nikiwa sina la kukemea, na tangu hapo nikawa nakwenda kila Jumapili mchana, ili kuhakikisha kwamba hali haizidi kuwa mbaya.

Alikuwa na sheria zake. Mtu akifa ndani ya filamu, hata akiwa adui, hata akiwa jambazi aliyeua kijiji kizima, alisimamisha picha, na sisi sote tulisimama kimya kidogo. "Yee pia iko na mama," alisema. Filamu yenye vifo vingi ilichukua mchana mzima, na magoti yetu yalifanya kazi zaidi kuliko kanisani. Filamu za vita hakuonyesha kabisa. Vijana walipomwomba alijibu, "Vita ya hapa tunaionaka bure. Juu ya nini muilipie?" Alipenda zile alizoziita filamu za mambo ya kesho: vyombo vinavyopita mwezi, mashine zinazofikiri, watu wanaolala miaka mia na kuamka bila ndevu.

Lakini mtu huyu aliyetupitisha katikati ya nyota kila wiki aliogopa radi kama mbuzi anavyoogopa mvua. Wingu dogo likitokea juu ya msitu, alichomoa betri, akaifunika kwa blanketi, akakaa mbali nayo. Simu hakuiweka sikioni. Aliishika mbele ya uso na kuifokea. Na siku moja kijana alipomwuliza kama kweli ipo siku watu watakwenda kulima nyota nyingine, alimtazama kwa huruma.

"Yako umeshamaliza kulima?"

Filamu iliyompa sifa mpaka vijiji vya mbali ilikuwa mojawapo ya hizo za mambo ya kesho. Ndani yake udongo wa dunia umekufa. Mwanamke mmoja, fundi, ambaye Mufasiri alimpa jina la Mama Mbegu, anapanda chombo, anapita mwezi, anafika katika dunia nyingine akiwa na kopo moja la mbegu na mtumishi wake aliyetengenezwa kwa chuma. Wanalima pamoja. Mbegu zinaota. Kisha unakuja upepo wa moto, na Mama Mbegu analazimika kukimbia. Anamgeukia Mutu wa Chuma aliyesimama katikati ya mistari ya maharagwe. Anamwambia neno moja: linda. Mutu wa Chuma anainua mkono.

Hapo picha ilisimama. Yule aliyeinakili filamu ile huko mjini hakungoja ifike mwisho. Siku ya kwanza tulimwona Mufasiri akiitazama televisheni, akiigonga kwa fimbo mara mbili, akivuta koti lake vizuri. Kisha akakohoa.

"Sasa musikilize. Mama ameshaenda. Mutu wa Chuma anabaki yeye moja. Anasema: mimi sina njaa, sina usingizi, basi nitalinda. Anapalilia. Ndege zinakuya, anazifukuza. Kila siku anaweka jiwe moja ku mupaka, ili Mama akirudia ajue alingojewa siku ngapi. Maharagwe inakomaa. Anavuna, anaweka mbegu, anapanda tena. Lakini mustari moja, ule wa mwisho, anauacha. Hauvuni. Ule ni wa Mama."

Aliongea hivyo kwa muda mrefu, na ule mkono wa chuma ulikuwa umeinuliwa pale kwenye kioo, hautikisiki. Wanawake walilia. Wanaume walijifanya wana moshi machoni. Na tangu siku ile Ntoto nzima, pamoja na sisi wageni wake, iliamini kwamba filamu iliyotengenezwa vizuri huishia kwa picha iliyosimama. Zile zilizotembea mpaka mwisho, majina yakipanda juu, zilionekana hazijamalizwa. Watu walitoka wakinung'unika kwamba mwenye kuitengeneza alikuwa na haraka.

Aliyelia kuliko wote alikuwa Mama Furaha. Huyu tulitoka naye Muheto. Alikuwa mjane, na shamba lake lilikuwa zuri kuliko yote ya mlima ule. Siku tuliyokimbia, maharagwe yake yalikuwa yametoa maua. Jirani yake, mzee mmoja aliyekataa kuondoka, alimwambia, "Enda, Mama. Nitaangalia." Ahadi yote ilikuwa neno hilo moja la mwisho.

Filamu ile ilionyeshwa tena na tena, na kila mara Mufasiri aliongeza kitu: Mutu wa Chuma alitengeneza uzio, alichimba mfereji, alilinong'onezea boga. Mama Furaha hakukosa hata mara moja. Alipopita mbele ya nyumba yangu nilimwuliza anakwenda wapi, akanijibu, "Niko naenda kuangalia shamba yangu."

Miaka ilipita. Watu wengine wa Muheto walianza kwenda kuchungulia, wakarudi, wengine wakabaki huko. Mama Furaha hakwenda. Alilima kipande cha ardhi ya watu huko Ntoto na kugawana nao mavuno, na mtu akimwuliza juu ya shamba lake alijibu kwa utulivu uliotushinda sote: "Inalindwa." Mimi nilimsifu kwa imani yake. Nilimtaja hata katika mafundisho. Leo namwomba Mungu anisamehe mafundisho yale.

Aliyeleta sehemu ya pili alikuwa Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka la chumvi, sabuni na tochi. Mkatoliki safi, anayekaa benchi la kwanza na kuimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya. Alirudi kutoka kwao na flash mfukoni. Habari ilienea kabla hajashusha mizigo: Mama Mbegu amerudi, kuna sehemu ya pili. Wiki nzima mbele ya duka lake hapakuwa na mazungumzo mengine.

"Ya pili haifikake ya kwanza," alisema mkulima mmoja. "Ni kama pombe ya kasiksi. Ukiongeza maji mara ya pili, unakunywa tu harufu ya ndizi."

"Weye, kwenu uko mutoto wa ngapi?" fundi wa baiskeli akamwuliza.

"Wa pili."

"Basi uko na haki. Haukufikia mukubwa wako."

Watu walicheka mpaka mkulima naye akacheka. Lakini Papa Kambale hakucheka. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya magunia ya chumvi.

"Katekista, iko neno moja linanisumbua. Ile ya kwanza mimi niliiona Butembo, yote, mu Kifaransa. Ile mambo ya mustari wa maharagwe haiko. Mawe ku mupaka haiko. Mutu wa Chuma anainua mukono, kisha batri yake inaisha, anazimika. Njo mwisho."

"Na hii ya pili?"

"Mama Mbegu anarudia. Anakuta bengine bamemuwasha Mutu wa Chuma. Amefunga shamba. Anamukatalia kuingia."

Nilikaa juu ya gunia. Asubuhi ile ile Mama Furaha alikuwa amekuja kwangu. Watu waliotoka Muheto walikuwa wamesema njia ni tulivu na kwamba wakati wa kupanda umekaribia. Asiyekuja sasa, wengine watapanda mahali pake. Alikuwa amekunja nguo zake, lakini hakuwa amezifunga. "Nitaenda ao nitangoja?" aliniuliza. "Acha nione kwanza ile ya pili. Nione vile yee anarudiaka." Nilikuwa nimecheka. Nilidhani ni mzaha.

Tulimkuta Mufasiri akifuta vumbi juu ya paneli yake ya jua kwa shati kuukuu. Papa Kambale alimweleza yote, kwa huzuni halisi, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Mufasiri hakuonyesha kushangaa.

"Kumbe alizimikaka," akasema. "Maskini."

"Papa Mufasiri," nikasema, "Mama Furaha anangoja kuamua. Jumapili utasema nini?"

"Katekista, nikifasiri vile anataka, ataendelea kukaa hapa, atazeeka hapa, anangoja. Nikifasiri vile iko, moyo yake itavunjika, na Muheto hataenda tena. Uniambie weye. Weye njo ulisoma."

Nilijibu kama nilivyosoma. Nilimkumbusha amri ya nane, usiseme uongo. Nilisema afasiri kama ilivyo, asiongeze neno, asipunguze neno. Nilisema vizuri sana. Papa Kambale alitikisa kichwa kama kwenye mahubiri.

"Weye, mahubiri ya Padri, ulifasiri vile iko?"

Niliinama kutazama paneli. Mufasiri akakung'uta shati lake.

"Sawa. Nitafasiri vile iko. Lakini kama iko dhambi, iko ya kwako."

Jumapili ile kwaya haikuimba wimbo wa mwisho kabisa. Kibanda kilijaa mpaka mbao zikalia. Mama Furaha alikaa benchi la pili, kitambaa kipya kichwani. Papa Kambale aliwekewa kigoda karibu na televisheni, awe anasoma maandishi ya Kifaransa yaliyopita chini ya picha na kumnong'onezea Mufasiri, naye Mufasiri atwambie sisi. Kikohozi kikatoka. Tukanyamaza.

Lazima niseme ukweli: ilikuwa filamu nzuri. Picha zake zilikuwa safi kama maji ya mlimani. Chombo cha Mama Mbegu kilikuwa kikubwa mara kumi, nyota zilikuwa nyingi zaidi, na Mama Mbegu mwenyewe alikuwa na mvi zilizompendeza. Lakini Mufasiri alifasiri kama mtu anayesoma tangazo la kodi. Hakumpa mtu jina. Hakumpa mbwa sauti. Alisema, "Anasema ndiyo. Anasema hapana. Anasema chombo imefika." Watu walianza kusogeasogea.

"Ni kasiksi ya maji ya pili!" ikasikika sauti kutoka nyuma.

"Nyamaza, wa pili weye!"

Kisha Mama Mbegu akafika kwenye shamba. Lilikuwa kubwa, la kijani mpaka upeo wa macho, na limezungushiwa ukuta. Lango likafunguka kidogo. Mutu wa Chuma akatokea, ameota kutu mabegani. Mama Mbegu akasema neno fupi.

"Anasema: nimerudia," akafasiri Mufasiri.

Mutu wa Chuma akasema maneno yake. Papa Kambale akayasoma, akanong'ona. Mufasiri hakufungua kinywa. Papa Kambale akanong'ona tena, kwa sauti zaidi, na Mufasiri akasema, akitazama fimbo yake:

"Anasema: hii shamba ni yangu sasa. Mimi njo nilipalilia."

Mama Furaha alisimama.

"Papa Mufasiri, umekosea. Ule hawezi kusema vile."

"Njo anasema, Mama."

"Basi anasema bongo, anadanganya! Mutu wa Chuma namujua, weye njo ulinionesha. Huyu ni mwingine."

"Mama, ni yeye."

"Miaka yote hii alikuwa anauacha mustari. Leo anafunga lango?"

Mufasiri akanyoosha mkono, akasimamisha picha. Hakuna aliyekuwa amekufa, lakini tulisimama sote, kwa mazoea. Mutu wa Chuma akabaki pale kwenye kioo, mkono wake juu ya lango. Na kwa kuwa picha ilikuwa imesimama, watu wakajua kwamba ndio mwisho, wakaanza kungoja Mufasiri aseme yale yanayosemwa mwishoni. Walingoja. Hata mimi, Mungu anajua, nilingoja. Neno moja tu lingetosha: kwamba alisema hivyo kwa kutania, kwamba lango lilifunguka.

Mufasiri akafungua kifungo cha kwanza cha koti, cha pili, mpaka cha mwisho. Akalivua, akalikunja, akaliweka juu ya betri. Mama Furaha akatoka wa kwanza.

Kwa hiyo watu wa Ntoto hawajui mpaka leo jinsi sehemu ya pili inavyokwisha, isipokuwa Papa Kambale, naye anasema wanapigana tu. Ukiwauliza kama ilifikia ya kwanza, watakuambia kwa umoja ambao sijawahi kuuona juu ya jambo lingine lolote: haikufika hata nusu. Wanasema waliotengeneza ya pili walimsahau Mutu wa Chuma alivyokuwa. Papa Kambale na mimi tulinyamaza.

Jumatatu asubuhi, umande haujakauka, Mama Furaha alipita mbele ya nyumba yangu, mzigo kichwani, jembe mkononi.

"Unaenda wapi, Mama?"

"Muheto."

"Kumbe! Nilifikiri baada ya jana..."

"Katekista, wakati nilijua analinda, nilikaa. Sasa sijui tena. Mutu mwenye hajui anaenda kuangalia."

Faraja ilikuwa imemkalisha miaka yote ile, na habari mbaya iliyofasiriwa bila chumvi ilimwinua kwa usiku mmoja. Nilikimbia kumwambia Mufasiri, lakini mlango wake ulikuwa umefungwa, na jirani akasema hataki kuona mtu. Aliuza televisheni kabla ya mwezi kwisha, akaondoka. Wengine walisema ni kwa aibu, wengine kwamba simu za vijana zilikuwa tayari zimejaa filamu na hakuna aliyehitaji kibanda. Labda yote mawili.

Miezi michache baadaye nami nilirudi Muheto, namshukuru Mungu, na nilishuhudia sehemu ya pili ya kweli. Yule mzee jirani alikuwa amelima shamba lote, amekula mavuno yote, na upande wa chini amejenga zizi la mbuzi. Hapakuwa na jiwe hata moja kwenye mpaka. Hapakuwa na mstari ulioachwa. Wazee tulipoketi kumwuliza juu ya ahadi yake, alituangalia bila woga.

"Nilisema nitaangalia. Niliangalia. Bila mimi, ingekuwa pori."

Na alikuwa na haki kidogo, jambo lililotuchosha sana. Tuliamua Mama Furaha achukue upande wote wa juu mara moja, na mzee abaki na ule wa chini mpaka ahamishe zizi. Tulimwuliza Mama Furaha kama ameridhika. Hakusema neno. Alichukua jembe, akaenda kuanza kulima upande wa juu, na sisi tukabaki tumekaa.

Mwaka jana binti yangu alijifungua huko Rubaya, nikaenda kumwona mjukuu. Njiani, chini ya kilima cha wachimbaji, ambapo wabeba mizigo hutua magunia yao na kupumzika, niliona mzee amekaa kando ya paneli ndogo ya jua, simu nyingi za watu zimelala mbele yake zikichajiwa. Koti la kijivu lilikuwa limeisha viwiko, lakini vifungo vyote vilikuwa vimefungwa.

"Tumsifu Yesu Kristu," nikasema.

"Milele na milele. Katekista! Ungali hai?"

"Kwa neema yake."

Hakuniuliza habari za safari, wala za familia. Alinivuta karibu, akashusha sauti.

"Ule Mama. Alipata shamba?"

Nikaona kwamba swali hilo lilikuwa limekaa naye muda wote ule. Moyo wangu ukalainika, ukalainika kupita kiasi.

"Alipata," nikasema. "Jirani aliacha mustari moja. Ule wa mwisho. Hakuuvuna."

Alianza kucheka, polepole, mabega yakitikisika ndani ya koti.

"Ile ni ya kwangu, Katekista. Uliiba ku kinywa yangu. Sasa sema ya kweli."

Basi nikakaa chini nikamweleza: mavuno yaliyoliwa, mpaka usio na mawe, zizi, baraza la wazee, upande wa juu na upande wa chini. Alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Aliuliza mambo madogo tu. Mbuzi ni wangapi? Zizi ni la mianzi au la mbao? Mama alisema nini? Nilimjibu yote. Mwishowe akafumbua macho.

"Kumbe alienda," akasema. "Alienda yeye mwenyewe." Na akapiga goti lake kwa kiganja, mara mbili, kama alivyokuwa akiipiga televisheni.

Nilimuaga. Nilikuwa nimepiga hatua chache tu niliposikia kikohozi kimoja. Niligeuka. Wabeba mizigo, wameketi juu ya magunia yao, walikuwa wamenyamaza.

"Musikilize," alikuwa akisema. "Mama Mbegu anarudia. Anakuta Mutu wa Chuma amekula maharagwe yote. Amejenga zizi. Wazee banakaa, banapasua shamba: ya juu ni ya Mama, ya chini ni ya Mutu wa Chuma. Banamuuliza Mama: umeridhika? Mama anamuangalia Mutu wa Chuma. Anamwambia: sawa, jirani. Lakini siku mbuzi yako itapanda huku juu, mimi nitaivuna."

Wabeba mizigo walicheka hadi mmoja akateleza kutoka juu ya gunia lake. Mimi nilibaki nimesimama njiani nikingoja, kwa maana nilimjua: sasa angeongeza uzio, mfereji, boga. Hakuongeza. Alisema, "Njo mwisho," akarudi kwenye simu zake. Kwa mara ya pili maishani mwake alikuwa amefasiri kila neno kama alivyolipokea, bila kuongeza na bila kupunguza, na safari hii kwa sauti yake nzima.

Nilitembea kuelekea kwa binti yangu nikiwa na furaha, mpaka nilipofika kwenye mto, nikakumbuka kwamba Mama Furaha hakusema neno siku ile. Yale ya mbuzi niliyaongeza mimi.